Mwaka mmoja mapokezini na simu ya mezani ya Grandstream GXP1625

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, iko Dar es Salaam, ina wafanyakazi 11 na laini mbili tu za simu za nje. Wateja wetu wengi hawaishi hapa mjini. Wako Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, na wengine wako Mbeya na Tunduma, wakisubiri makontena yao yatoke bandarini na kuanza safari. Mteja wa namna hiyo hawezi kuja kaunta akamtazama karani usoni; anachokijua kuhusu sisi ni sauti anayoisikia simuni, na muda anaokaa kabla ya kuisikia. Kwa hiyo tulipoziondoa simu zetu za zamani na kuweka Grandstream GXP1625 kwenye kila meza, niliona nisiandike lolote mpaka mwaka upite, kwa kuwa simu ya ofisi huwezi kuijua kwa wiki moja. Unaijua umeme ukikatika, mwenzako akienda likizo, au siku ambayo meli tatu zimetia nanga pamoja na kila mwenye mzigo anataka kujua wa kwake umeshushwa au bado.

Nimekaa mapokezini miaka tisa, na tathmini hii inahusu mambo mawili ninayoyafanya kutwa nzima, yaani kumsubirisha mteja kwenye laini na kuielekeza simu yake kwa mtu au namba nyingine. Haya ya pili ofisini tunayaita kudaivati, na wengi wetu tulidhani tunayafahamu kabla simu hizi hazijaja.

GXP1625 ni simu inayotumia mtandao wa kompyuta badala ya waya wa kawaida wa simu. Mtengenezaji wake ni Grandstream, kampuni ya Marekani yenye makao makuu Boston, iliyoanza mwaka 2002. Ina vitufe viwili vya laini vyenye taa za rangi mbili, kioo kidogo cha nukta 132 kwa 48, na matundu mawili ya kebo ya mtandao, hivyo kompyuta huchomekwa nyuma ya simu bila kuhitaji tundu jingine ukutani. Umeme inaupata kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, na hilo ndilo linaloitofautisha na GXP1620, ambayo kwa sura ni pacha wake. Sisi tumeziunganisha na swichibodi ya UCM6202 ya kampuni hiyohiyo, yaani mtambo unaogawa simu kati ya meza zetu na laini za nje, yenye nafasi mbili za laini hizo. Sauti ni safi, mkono wa simu hauchoshi sikio, na mazungumzo ya watu watatu yanafanyika bila taabu. Hayo yatoshe.

Kitufe cha kusubirisha kimewekwa peke yake, hakikufichwa ndani ya menyu, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya simu hii. Ukikibonyeza katikati ya mazungumzo, taa ya laini uliyokuwa ukiongea huanza kuwaka na kuzimika kwa rangi ya kijani, mteja anasikia muziki, nawe unaweza kuuweka mkono wa simu mezani, ukainuka, ukaenda kabatini kutafuta faili na kurudi. Ukibonyeza kitufe cha laini hiyo inayowakawaka, unaendelea na mteja wako palepale mlipoachia. Simu ya pili ikiingia wakati unaongea, taa ya laini ya pili huwakawaka kwa rangi nyekundu, na ukiipokea, yule wa kwanza anabaki akisubiri bila kukatwa.

Anayeona hilo ni jambo dogo hajafanya kazi na simu tulizokuwa nazo zamani, ambazo hazikuwa na kitufe cha namna hiyo, nasi tulikuwa tunaziba kwa kiganja sehemu ya kuongelea kila tulipotaka kuulizana jambo. Asubuhi moja karani mwenzangu aliulaza mkono wa simu juu ya mafaili, bila hata kuuziba, akageuka na kumwita mhasibu: “Kaka, yule mzee wa makontena mawili yuko hewani tena, nimwambie nini?” Mhasibu, bila kuinua macho kutoka kwenye risiti zake, akajibu, “Mwambie bosi hayupo.” Bosi alikuwa hatua nne kutoka pale, anakunywa chai. Karani alipoinua mkono wa simu na kuanza kusema kwamba bosi ametoka, mzee wa Lubumbashi hakupandisha sauti. Alisema tu, kwa Kiswahili cha kwao, “Mama, niko nasikia yote.” Mzigo wake haukuwa na tatizo lolote siku ile; karatasi moja tu ilikuwa haijasainiwa, na tungeweza kumwambia hivyo kwa maneno matano. Makontena yake yaliyofuata yalishughulikiwa na wakala mwingine, na mimi ndiye niliyempelekea barua ya kumwomba radhi, ambayo hakuijibu. Tangu hapo, kila mfanyakazi mpya ninayemkabidhi simu, jambo la kwanza kumwonesha ni kitufe cha kusubirisha, na namfanyisha zoezi la kukibonyeza kabla hajatamka neno lolote kwa mtu mwingine chumbani.

Kuna kosa la pili linalofanana na hilo, nalo ni kutumia kitufe cha kuzima kipaza sauti mahali pa kitufe cha kusubirisha. Ukizima kipaza sauti, wewe bado unamsikia mteja, ila yeye hasikii kitu. Hakuna muziki, hakuna mlio, hakuna dalili ya uhai. Mtu aliye mbali akikutana na ukimya wa namna hiyo kwa sekunde kumi huamini laini imekatika. Anakata, anapiga tena, analipa tena, na safari hii anapokelewa na mtu mwingine anayeanza kumuuliza upya namba ya kontena. Kitufe hicho kina matumizi yake, kwa mfano mnapokuwa watatu kwenye mazungumzo na lori linapiga honi nje ya dirisha lako, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya kile kingine.

Muziki wenyewe hautoki ndani ya simu. Simu huiarifu swichibodi kwamba mazungumzo yamesimamishwa, na swichibodi ndiyo inayompigia mteja muziki. Kwa hiyo ofisi ambayo wateja wake wanasikia ukimya wakisubirishwa isihangaike kubadilisha simu. Mpangilio wa swichibodi ndio wa kuangaliwa. Fundi aliyetufungia mitambo alituwekea wimbo wenye besi nzito na ngoma nyingi, uliokuwa mtamu sana alipoujaribu kwenye kompyuta yake, lakini wateja wakalalamika kwamba wanasikia mkwaruzo. Sababu ni kwamba laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, yaani sehemu inayotosha kueleweka kwa maneno ya binadamu, na besi yote huachwa njiani. Tuliuondoa wimbo ule tukaweka kinanda cha taratibu, na kila baada ya muda mfupi inasikika sauti ya mwenzetu akimwambia anayesubiri kwamba yuko kwenye ofisi sahihi na tunamshughulikia. Mambo haya ya muziki wa simuni yana historia yake: hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1966 kwa Alfred Levy, mwenye kiwanda, na inasimuliwa kwamba aliugundua kwa bahati, pale waya uliolegea wa simu za kiwandani ulipogusa chuma cha jengo na kunasa matangazo ya redio ya jirani.

Ninachotaka kila ofisi ikumbuke ni nani anayelipa. Mteja akiwa Lubumbashi anapiga simu ya kimataifa, na kila dakika anayosikiliza kile kinanda chetu kizuri inatoka mfukoni mwake. Nimejiwekea utaratibu wa kurudi kwa anayesubiri kila baada ya nusu dakika, hata kama sina jibu, kumwambia nimefika wapi, na nikiona jambo linahitaji kutafutwa kwa zaidi ya dakika mbili, namwomba akate nimpigie mimi. Simu hii haina uwezo wa kunifanyia uamuzi huo, ila taa yake ya kijani inayowakawaka mbele ya macho yangu hainiachi nisahau kwamba kuna mtu pale.

Kumhamishia mteja kwa mwenzako kunaweza kufanyika kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Unaweza kubonyeza kitufe cha kuhamisha, ukaandika namba ya meza unayotaka, ukaituma simu na kujiondoa papo hapo. Au unaweza kumsubirisha mteja, ukampigia kwanza mwenzako, ukamweleza ni nani na anataka nini, ndipo ukamkabidhi. Njia ya kwanza ni ya haraka, na mimi naitumia tu pale mteja anapomtaja mtu kwa jina nami namwona yule mtu amekaa mezani kwake. Kwa mteja mwenye shida, njia ya pili ndiyo pekee yenye adabu, kwa kuwa inamwepusha kueleza habari ileile mara tatu kwa watu watatu. Tena mwenzako akikuambia hana jibu, unarudi kwa mteja mwenyewe na kumweleza, badala ya kumtupa kwenye meza inayoita bila mtu.

Swichibodi inatupa pia njia ya tatu, ya kuiegesha simu, ambayo mapokezini tumeipenda kuliko tulivyotarajia. Ukimhamishia mteja kwenye 700, swichibodi inakutajia namba ya maegesho, mathalani 701, na mtu yeyote ofisini akipiga 701 kutoka kwenye simu yoyote anampokea mteja yule. Mtu wetu wa nyaraka hakai mahali pamoja. Mara yuko stoo, mara yuko chumba cha mashine ya kunakili. Zamani nilimkimbilia. Siku hizi namwita kwa sauti, “Mzee, 701!” naye anainua simu iliyo karibu naye. Simu iliyosubirishwa kwa kitufe cha kawaida hurudishwa kwenye meza ilikowekwa tu, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Sasa nije kwenye kuielekeza simu kwingine, jambo ambalo limetuletea faida kubwa na aibu kubwa ndani ya mwaka mmoja. GXP1625 inafanya hivyo kwa namna tatu, na zote zinawekwa kwa kupiga namba fupi. Ukibonyeza nyota 72 na kufuatisha namba unayotaka kisha reli, simu zote zinaenda huko moja kwa moja na mezani kwako haitaita kabisa. Nyota 73 inafuta. Nyota 90 inaelekeza simu pale tu unapokuwa unaongea na mtu mwingine, na nyota 91 inafuta. Nyota 92 inaelekeza pale ambapo simu imeita na hakuna aliyeipokea, na nyota 93 inafuta. Kwa hii ya mwisho, simu husubiri sekunde 20 kabla ya kuelekeza kama hukubadilisha kitu. Sisi tumepunguza zikawa 15, kwa sababu tuliona wateja wanakata mapema. Kama namba unayoelekezea ni ya nje ya ofisi, usisahau kuanza na tarakimu inayofungua laini ya nje, ambayo kwetu ni 9. Nusu ya wenzangu walioniambia daivati haifanyi kazi walikuwa wameisahau hiyo 9.

Kwa maoni yangu, ofisi nyingi hazina haja ya nyota 72 mara nyingi kama zinavyoitumia. Kilichotufundisha ni tukio la mwezi wa tatu. Ijumaa jioni, binti wa dawati la ufuatiliaji wa mizigo aliweka nyota 72 kwenda kwenye simu yake ya mkononi, kwa nia njema kabisa, ili mteja wa Kigali aliyeahidi kupiga Jumamosi asimkose. Jumamosi usiku akapata habari ya msiba wa baba yake mdogo, na Jumapili alfajiri akapanda basi kwenda Songea. Jumatatu dawati lake lilikuwa kimya kabisa, nasi tukafurahi kwamba siku imeanza kwa utulivu. Ilipofika saa tano mchana ndipo alipotutumia ujumbe kutoka makaburini, akituomba tuizime daivati, kwa sababu alikuwa amekwishapokea simu 14 za wateja, nyingine wakati shehe anaomba dua. Nilikwenda mezani kwake nikabonyeza nyota 73, na dakika ileile simu yake ikaanza kuita. Alama ya kuonesha kwamba simu imeelekezwa kwingine ilikuwepo pale kwenye kioo muda wote, ndogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejifunza kuitambua.

Baada ya siku ile tuliandika utaratibu. Anayetoka ofisini kwa saa chache anatumia nyota 92, ili kama kuna mwenzake karibu aweze kuipokea simu kabla haijaondoka, na nyota 72 inawekwa kwa idhini yangu tu, nami naandika daftarini nani ameiweka, saa ngapi, na itafutwa lini. Kila siku asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, napita meza moja baada ya nyingine nikitazama alama ile kwenye vioo.

Jambo ambalo hakuna aliyetueleza, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu litawasaidia wengine, ni kwamba agizo la kuelekeza simu linaweza kukaa mahali tofauti, na mahali lilipokaa ndipo panapoamua kama litafanya kazi siku ya shida. Katika mpangilio tuliokabidhiwa na fundi, agizo lilikuwa linakaa ndani ya simu yenyewe. Simu inapoingia, swichibodi inaipeleka mezani, simu ya mezani inaijibu swichibodi kwamba mtu huyo hayupo, mpeleke namba fulani, na swichibodi inatii. Ni utaratibu mzuri mradi simu ya mezani iko hai. Umeme ulipokatika, swichibodi ilibaki inawaka kwa sababu ilikuwa na UPS yake, yaani betri ya akiba, lakini swichi ya mtandao, kifaa kingine kinachounganisha kebo za mtandao na kilichokuwa kinazipa simu umeme, ilizimika, simu zote zikazimika nayo, na maagizo yote ya kuelekeza yakakosa wa kuyatoa. Wateja waliopiga alasiri ile waliishia hewani, ilhali tuliamini kwamba simu zao zinaenda kwa msimamizi wa zamu.

Tulirekebisha kwa hatua mbili. Kwanza tuliihamishia swichi ya mtandao kwenye UPS, na kwa kuwa simu hizi hula umeme kupitia kebo ya mtandao, UPS moja ya chumba cha mitambo inatosha kuzibeba simu zote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tulichagua 1625 na si 1620. Pili, tulizima kwenye mipangilio ya kila simu uwezo wa kuyashughulikia maagizo hayo yenyewe, ili namba hizihizi za nyota zipokelewe na swichibodi na agizo lihifadhiwe huko. Sasa simu ya mezani inaweza kuchomolewa kabisa, na mteja bado atafika alikoelekezwa. Anayenunua simu hizi na amuulize fundi wake swali hilo siku ya kwanza: daivati inakaa kwenye simu au kwenye swichibodi?

Lakini swichibodi nayo ina mipaka, na mpaka wetu ni laini mbili. Mteja akiingia kwa laini ya kwanza na simu yake ikaelekezwa kwa mkurugenzi aliye na simu ya mkononi, swichibodi inalazimika kutoka nje kwa laini ya pili ili kumfikia. Kwa muda wote wa mazungumzo hayo ya watu wawili, laini zetu zote zimeshikwa, na kila mwingine anayepiga anasikia kwamba tunatumika. Mkurugenzi wetu anaongea taratibu na kwa kirefu, kama wazee wengi wenye heshima zao, na siku moja alipokuwa Bagamoyo ofisi nzima haikupatikana kwa dakika 25 kwa sababu ya simu moja iliyoelekezwa. Gharama ya kipande hicho cha pili cha safari, kutoka ofisini hadi kwenye simu yake, inalipwa na ofisi, na mteja analipa cha kwanza. Tena mkurugenzi anaona kwenye simu yake namba ya ofisi, haoni ya mteja, kwa hiyo anapokea akidhani ni mimi. Nimekuwa nikimwomba apokee kila simu ya ofisi kwa salamu kamili na jina lake, naye, kwa uungwana wake, amekubali.

Kuna mtego mwingine hapo. Kama simu ya mkononi uliyoelekezea imezimwa, mteja wako atasikia tangazo la mtandao wa simu kwamba namba anayoipiga haipatikani kwa sasa. Swichibodi iliyotoka nje kwa laini ya kawaida ya waya huwa haina njia ya kutofautisha tangazo hilo na sauti ya mtu aliyepokea, kwa hiyo haimrudishi mteja mapokezini. Kwake kazi imekamilika. Ndiyo maana sisi huelekeza kwa mtu wa zamu ambaye kazi yake kwa siku hiyo ni kuhakikisha simu yake imewashwa na ina chaji.

Kwa namba ya simu ya mkononi ya ofisi, ambayo wateja wengi wa Burundi wanaitumia, tunategemea namba fupi za mitandao ya simu zenyewe, ambazo ni kiwango cha kimataifa cha simu za GSM. Nyota nyota 21 nyota, namba, reli, inaelekeza simu zote. Ukiweka 61 mahali pa 21, inaelekeza zisizopokelewa; 67 ni kwa wakati unaongea; na 62 ni kwa wakati simu imezimwa au haina mtandao. Reli reli 002 reli inafuta yote kwa pamoja. Hiyo 62 ndiyo akiba yetu ya mwisho, kwa kuwa agizo lake linakaa kwa kampuni ya simu, na hufanya kazi hata kama ofisi yetu nzima iko gizani na betri ya simu imekwisha.

Kwa sababu hiyohiyo ya kukaa mbali na macho yako, agizo la namna hii linapendwa na matapeli. Mtu anakupigia akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, anakuomba upige nyota nyota 21 na namba aliyokupa ili “kurekebisha laini yako,” na kuanzia hapo simu zako zinaenda kwake, zikiwemo zile za kukusomea namba ya siri ya uthibitisho. Nyota reli 21 reli inakuonesha kama simu zako zimeelekezwa kwingine. Nawasihi wenye ofisi waikague mara kwa mara. Kwenye swichibodi yetu tumeweka kwamba meza za kawaida haziruhusiwi kupiga kimataifa, hivyo hata mtu akiikuta simu iko peke yake hawezi kuielekeza nchi ya mbali na kutuachia ankara.

Simu hii inafaa kwa nani basi? Kwa meza ya mhasibu, ya mtu wa nyaraka, ya msimamizi, vitufe viwili vya laini vinatosha kabisa, na sioni sababu ya kulipa zaidi. Wazee wenye macho yaliyochoka watahitaji muda kuuzoea udogo wa kioo, hasa kuzitofautisha alama za pembeni, kwa hiyo wachoreeni alama ya daivati kwenye karatasi wabandike ukutani, kama tulivyofanya sisi. Ofisi yenye kompyuta zinazohamisha mafaili makubwa izingatie kwamba matundu ya mtandao ya simu hii ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na kompyuta iliyochomekwa nyuma yake haitapata kasi zaidi ya hiyo.

Kwa mapokezi peke yake naona haitoshi. Ninapomhamishia mteja kwa mwenzangu sioni kama mwenzangu anaongea na mtu mpaka nimpigie, na wakati huo mteja anasubiri. GXP1628 ina vitufe vinane vya ziada vyenye taa, ambavyo mtu anaweza kuvipangia meza za wenzake na kuona kwa rangi nani yuko kwenye simu na nani yuko huru. Nimeandika ombi la kununuliwa moja kwa ajili ya meza yangu, na hii niliyonayo nimependekeza ipelekwe stoo, ambako mtu wetu wa nyaraka bado anainua simu ya kuazima kila ninapomwita kwa 701.